Nauli ya Kurudi Kwanza

Kila mwaka, muhula wa kwanza unapoelekea ukingoni, makundi ya WhatsApp ya wanavyuo huanza kurushiana tangazo lile lile. Picha ya maji ya buluu, mnazi ulioinama, na maneno ya kukimbizana: Zenji, Nungwi, siku nne, boti na malazi humo humo, nafasi zimebaki chache. Bei imeandikwa kwa herufi kubwa. Kinachokosekana karibu kila mara ni mstari wa kueleza utarudije iwapo mambo yatakwenda kombo siku ya pili.

Nawaandikia hasa wanafunzi wa kwetu Mwankoko, na wenzao wa Singida waliotawanyika Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Kata yetu iko ubavuni mwa mji. Tunajulikana kwa visima na alizeti kuliko kwa jambo lolote linalohusu bahari. Kijana wa Bagamoyo au Tanga akienda Nungwi kala raha, ameenda kwa jirani. Wewe unakatiza nusu ya nchi, unavuka maji, unaingia mahali ambapo huna shangazi wala mtu wa kanisani kwenu wala msikitini kwenu. Hilo halikukatazi kwenda. Nungwi na jirani yake Kendwa ni pazuri kweli kweli, na sioni kwa nini Mtanzania azione fukwe zake kwenye simu huku wanafunzi wa Ulaya wakizioga. Ila safari ya namna hii ipange kuanzia mwisho wake, yaani kuanzia siku ya kurudi.

Kwanza hela ni ya nani. Hapa sitaki kuzunguka mbuyu. Mwanachuo anayekwenda pwani kwa hela ya mtu mwingine, awe mbaba aliyekutana naye mtandaoni, awe rafiki wa rafiki anayesema "wewe njoo tu, kila kitu kipo", amekwenda bila usukani. Anayelipa chumba ndiye anayeamua chumba kina vitanda vingapi. Anayelipa boti ndiye anayeamua inarudi lini. Nasema haya kwa wasichana na kwa wavulana pia, maana ufukweni kuna wakinamama wenye hela zao vile vile, na kijana wa kiume aliyekwama Kendwa bila nauli ana aibu kubwa zaidi ya kumpigia mama yake kuliko ile ambayo dada yake angekuwa nayo. Ukialikwa na ukaamua kwenda, hiari ni yako. Lakini nauli ya kurudi iwe yako, mfukoni mwako, na mwenyeji asijue kiasi chake.

Ni kiasi gani? Hesabu zake si siri. Treni ya mwendokasi ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, na nauli iliyotangazwa ya treni ya kawaida kwa mtu mzima ni shilingi 31,000. Dodoma hadi Singida ni kilomita 240 hivi. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipotangaza viwango Desemba 2023, basi la kawaida liliwekewa shilingi 48.47 kwa kilomita na la daraja la kati 67.84, zidisha mwenyewe, utapata kama elfu kumi na mbili au kumi na sita, na utamjua mpiga debe anayekutajia elfu thelathini kwa sababu tu kesho ni sikukuu. Ongeza boti ya kutoka Unguja, daladala ya kukutoa Nungwi hadi mjini, sahani moja ya wali Dar, na bodaboda ya kukutoa stendi ya Misuna hadi nyumbani. Utajikuta unazungukia laki moja. Tenga laki na ishirini, kwa sababu treni ikijaa utapanda basi, na boti ikiahirishwa utalala Dar.

Hela hiyo isikae kwenye laini ile ile unayolipia vinywaji. Mwachie dada yako, au iweke kwenye laini nyingine ambayo namba yake ya siri huikumbuki ukiwa umelewa. Bora zaidi, kata tiketi ya boti ya kurudi siku unayokata ya kwenda. Nimewasikia wanaosema tiketi ya kurudi inakufunga. Ndiyo, inakufunga, na ndiyo kazi yake.

Halafu pima hela iliyobaki kwa kipimo cha chuo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, mkopo wa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Safari ya laki tatu na nusu ni siku 35 za kula na kulala. Bumu, yaani hela ya mkopo huo, likiingia leo, laki sita inaonekana mali. Ukiigawa kwa siku 60 inabaki kuwa elfu kumi ile ile. Wapo wanaokwenda kwa bumu lote, wakirudi wanaanza kukopa vocha, kisha chakula, kisha wanakosa majaribio ya muhula wa pili kwa sababu wako mjini wanatafuta kibarua. Kama huna akiba iliyo nje ya bumu, mwaka huu si wako. Subiri.

Wakati nao una mambo yake, na waandaaji wengi wa safari hizi hawaujui. Likizo fupi ya vyuo vingi huangukia Februari au Machi. Kwa miaka hii, Ramadhani nayo imo humo humo, ikiwahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Zanzibar, mchana wa Ramadhani, kula hadharani ni jambo la kukamatwa. Mwaka 2024 polisi walikamata watu kwa kosa hilo, na habari ikafika mbali. Hoteli za kitalii zinaendelea kuwahudumia wageni ndani ya mipaka yake, lakini baa na kumbi nyingi hufungwa au hupunguza kazi, na muziki wa usiku kucha uliolipia huenda usiwepo. Mkristo wa Mwankoko aliyezoea kuuziwa chapati na mama lishe saa nne asubuhi barabarani ataumbuka. Kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi, fungua kalenda uone mwezi unaandama lini. Kama tarehe zimegongana, ama sogeza safari ama badilisha lengo lake: Mji Mkongwe jioni ya Ramadhani, baada ya magharibi, una futari za tambi, mihogo ya nazi na kaimati ambazo huzipati miezi mingine, na vurugu hakuna. Ni safari tofauti, lakini mimi ningeichagua.

Ukivuka Machi, unaingia masika. Aprili na Mei bei za vyumba hushuka sana na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Mwenye hela kidogo na asiyeogopa mvua atafaidi. Juni hadi Septemba ni kusi. Upepo unatoka kusini, bahari ya mkondoni inachafuka, na mtu ambaye maisha yake yote maji makubwa aliyoyaona ni Singidani na Kindai atatapika kuanzia kisiwa cha Chumbe mpaka Dar. Kumeza dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda ndiko kunakosaidia. Ukishaanza kutapika dawa haikai. Kaa chini na nyuma ya boti, siyo juu mbele ulikokwenda kupiga picha. Mwisho wa kaskazi, yaani Februari hadi katikati ya Machi, maji huwa tulivu na jua ni kali la kuchubua.

Boti si jambo la kuogopwa kupita kiasi, lakini si la kupuuzwa. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake. Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe katika bahari chafu ya kusi, ikitokea Dar. Mamia ya watu walikufa katika ajali hizo mbili. Boti ziendazo kasi za leo huchukua saa mbili hivi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali safari huweza kuahirishwa. Likitokea hilo, usimtafute mwenye jahazi wala mwenye mashua ya uvuvi akuvushe "kwa njia nyingine" ili uwahi sherehe. Ukikaa kitini, tazama jaketi la kuokolea liko wapi kabla hujatoa simu.

Tiketi kata dirishani au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Pale bandarini Dar utapokewa na vijana wenye vitambulisho vya kuning'inia shingoni ambao ofisi zao hazipo, pita. Beba kitambulisho cha taifa, na kama hakijatoka, namba ya NIDA pamoja na kitambulisho cha chuo. Mtanzania havuki kwa pasipoti, lakini jina la kwenye tiketi na la kwenye kitambulisho lazima yafanane, kwenye boti na kwenye treni ya mwendokasi pia. Kwa kurudi, kituo cha treni cha Magufuli kiko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka bandarini, kwa hiyo dereva atakayekuambia ni mbali sana anataka elfu kumi yako. Acha nafasi ya kutosha kati ya boti na treni, saa nne si nyingi, maana ukichelewa kuripoti geti la treni halikusubiri.

Malazi ndipo watu wengi wanapoibiwa, na wanaibiwa wakiwa bado Dodoma. Ukurasa wa Instagramu una picha nzuri, wafuasi elfu ishirini, na mtu anayejibu haraka kwa lugha tamu. Anataka nusu ya malipo leo. Namba ya kutuma ni ya mtu binafsi, jina halifanani na la hoteli. Basi ishia hapo. Nyumba halali ya wageni ina lipa namba inayotoa jina la biashara, na ina mtu wa mapokezi anayeweza kupigiwa simu ya kawaida mchana na kukueleza iko jirani na nini. Muulize swali dogo ambalo tapeli hakujiandaa nalo: kutoka mwisho wa daladala natembea upande gani? Kisha uliza bei ya Mtanzania. Hoteli nyingi zina bei ya mgeni na bei ya mkazi, na tofauti inaweza kuwa kubwa, lakini haitajwi mpaka uiulize.

Kama safari ni ya kundi, msimpe mtu mmoja hela zote. Mmoja akusanye, mwingine ashike stakabadhi, na namba ya malipo ya hoteli waione wote kundini. Urafiki wa chuo umevunjika kwa mambo madogo kuliko laki mbili.

Ukishuka Unguja, bandarini Malindi, utakutana na papasi, vijana wa kuongoza wageni. Wapo waungwana kati yao, na wapo wa kukuzungusha. Jibu kwa upole, "Ahsante kaka, nina mwenyeji," huku unatembea. Daladala ya Nungwi ni namba 116. Eneo la Darajani limejengwa upya na stendi zimehamahama, kwa hiyo muulize mama yeyote dukani inapopakia sasa. Safari ni saa moja na nusu au zaidi, kwa shilingi chache tu, wakati teksi ya njia hiyo hiyo inaweza kukumalizia bajeti ya siku mbili. Humo ndani utakaa na watu wanaorudi sokoni na watoto wa madrasa. Vaa ipasavyo. Kaptula fupi na bikini ni za ufukweni. Kijijini Nungwi, hatua chache nyuma ya hoteli, ni kwa watu, wana wazee wao na misikiti yao. Msalimie mkubwa kabla ya kuuliza bei. Walinzi wa baadhi ya hoteli humsumbua kijana wa Kitanzania langoni kwa maswali ambayo Mtaliano haulizwi, na mabinti ndio zaidi. Inaudhi. Kuwa na uthibitisho wa malipo kwenye simu, uonyeshe, ingia, usigombane na mtu mwenye zamu ya usiku.

Sasa bahari yenyewe, ambayo mtu wa Singida anaiendea kwa ujasiri wa kutojua. Ziwa halina saa, bahari inayo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila badiliko likichukua saa sita na kitu, na kila siku muda unasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ni bamvu: maji hupanda juu sana na kushuka chini sana, tofauti ikikaribia mita nne. Katikati kuna siku za maji mafu, tofauti ni ndogo. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa yanakwenda mbali mpaka unadhani yamehama. Ndipo utawaona akina mama wakihudumia mwani wao kwenye kamba na vijiti. Usikanyage kamba zile, ni shamba la mtu kama alizeti ya baba yako. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali kiasi hicho, ndiyo maana watu hupapenda kuogelea muda wote.

Kendwa ina umaarufu wa miaka mingi wa sherehe ya mwezi mpevu, inayofanyika Jumamosi iliyo karibu na mwezi kujaa. Fikiria maana yake. Usiku wa sherehe ni usiku wa bamvu. Kwa bahari ya Unguja, siku za bamvu maji huwa chini kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku, na huwa juu kabisa kwenye saa kumi, jioni na alfajiri. Jumamosi ikiwa imepita mwezi mpevu kwa siku mbili tatu, ongeza zile dakika 50 kwa kila siku. Kwa hiyo ule uwanja mpana wa mchanga mliouchezea saa nne usiku, saa kumi alfajiri ni maji. Mtu aliyelala pale kwa pombe, mwenye viatu na simu pembeni, bahari inamfuata alipo. Na anayeamua "kuruka kidogo majini" saa nane za usiku anaingia maji yanayopanda kwa nguvu, gizani, akiwa hajui kuogelea. Wengi wetu wa bara hatujui kuogelea, tuseme ukweli. Oga mchana, maji yasipite kifua, uwe na mwenzako anayekutazama kutoka ufukweni akiwa macho makavu. Ukihisi maji yanakuvuta nje, usishindane nayo kurudi moja kwa moja. Lala chali uelee, paza mkono, na ukiweza jisogeze sambamba na ufukwe mpaka mkondo uishe nguvu. Vaa ndara za kamba kwenye miamba, kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu kama sindano na wakikuchoma siku yako imekwisha.

Pombe. Sina hamu ya kuhubiri, nina hamu ya kuhesabu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Bapa la Konyagi la mililita 200, kwa asilimia 35, lina 70. Bapa moja, basi, ni karibu bia tatu, nalo linamezwa kwa dakika kumi na mtu aliyeshinda juani tangu asubuhi na hajala kwa sababu chakula cha hoteli ni ghali. Kula kwanza, kijijini, kwa bei ya kijijini. Kunywa maji kila baada ya glasi. Glasi uliyoiacha mezani ukaenda kucheza, imwage hata kama imejaa. Bangi na unga Zanzibar ni jela kama bara, na yule kijana mchangamfu anayekuuzia anajua njia zote za kutokea pale na wewe hujui hata moja.

Ulaya walichelewa kulifikiria hili la pombe za likizo. Magaluf, kwenye kisiwa cha Mallorca, wanafunzi na vijana wa Uingereza walikuwa wakimiminika kwa ziara za baa hadi baa na vinywaji vya bei ya kutupa, wengine wakaanguka kutoka vibarazani wakijaribu kurukia mabwawa ya kuogelea. Januari 2020 serikali ya visiwa vya Balearic ikapiga marufuku ziara hizo na ofa za vinywaji katika maeneo ya fujo, na kwa waliolipia kila kitu hotelini ikaweka vinywaji sita kwa siku, vitatu mchana na vitatu usiku. Kwetu hakuna anayekuhesabia.

Mwenzako akizidiwa, akawa haamki ukimwita au anapumua kwa vipindi, mlaze ubavu ili matapishi yasimrudie kooni, mfunike, na usimwache hata dakika moja. Kahawa, maziwa, kumwagia maji baridi, yote hayo hayatoi kilevi mwilini. Mpelekeni hospitali, ya karibu kwa upande ule ni Kivunge. Namba ya dharura ni 112. Kadi ya bima ya chuo beba, ila kabla ya kuondoka uliza ni vituo gani vya Unguja vinaipokea, usije ukagundua hilo mapokezini.

Kuna jambo jingine ambalo kwa aibu watu huliacha lipite mpaka muda wake unaisha. Ukilala na mtu bila kinga, au mtu akikulazimisha, una saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake; hunywewa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina muda wake, na mapema ni bora. Kwa zile saa 72, Jumamosi usiku wa manane maana yake usivuke Jumanne usiku. Usisubiri ufike Singida. Aliyelazimishwa asioge wala asifue nguo alizovaa, aende Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini, ambako kuna kituo cha Mkono kwa Mkono: daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Huulizwi kwanza ulikwenda kule kwa ruhusa ya nani. Na wewe rafiki uliyekwenda naye, usimwambie "ungejua ungekaa nyumbani". Mshike mkono, mpande daladala.

Picha pia. Video uliyoichukua ya mwenzako amelewa, nusu uchi, kwako ni kichekesho cha usiku mmoja. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kusambaza picha za uchi kunaweza kukufikisha mahakamani ukiwa mwaka wa pili wa shahada. Ifute kabla hujalala.

Nimebakiza wazazi, na najua wapo watakaosoma hili kabla ya watoto wao. Machi shamba lina kazi, ndege wako kwenye uwele, na mtoto uliyeuza mbuzi kumsomesha anakuambia ana mafunzo ya vitendo Dar. Ukimjibu kwa ukali pekee, ataondoka vile vile, na tofauti itakuwa kwamba hakuna mtu Mwankoko anayejua yuko wapi. Mwenye miaka 21 humfungi kamba. Mwambie unajua kuna safari za pwani. Mwambie kuhusu shamba pia, kwamba wiki moja ya kwanza ni ya palizi na ya pili ni yake, kwani likizo ina wiki zaidi ya moja. Kisha omba jina la nyumba ya wageni na namba ya mapokezi, namba ya rafiki mmoja anayelala chumba kimoja naye, na picha ya tiketi ya kurudi. Huo si upelelezi. Dereva wa lori huacha taarifa hizo hizo kwa mwajiri wake.

Kubalianeni saa ya simu, tuseme saa mbili usiku kabla muziki haujapanda, na iwe simu ya sauti, siyo ujumbe ambao mtu yeyote anaweza kuuandika. Asipopiga, subiri saa moja. Kisha mpigie yule rafiki, halafu mapokezi, halafu 112.